Wifi Yangu Aliyeshona Pazia la Haki

Mimi na wifi yangu tunagawana chumba kimoja cha kazi. Yeye yuko upande wa dirisha na cherehani yake, mimi niko upande wa mlango na viti vyangu vya kusukia. Nywele zinarukia vitambaa vyake, nyuzi zake zinaingia vichwani mwa wateja wangu, na hakuna siku inayopita bila sisi kugombana. Wanasema wifi na wifi hawapikiki chungu kimoja. Wamekosea, sisi tumepikwa mpaka tumeiva. Yeye ameolewa na kaka yangu, dereva wa lori la maji, mtu mpole asiye na neno, kwa hiyo maneno yote ya nyumba ile yamebaki kwangu.

Ukitaka kumjua wifi, mpelekee suruali akukunjie pindo. Atakuuliza utaivalia viatu gani. Ukimjibu "vyovyote tu," anakurudishia suruali yako. Na uongo hajui kabisa. Mteja akijigeuza mbele ya kioo na kuuliza, "Nimenenepa kidogo, eti?" wifi anamwambia, "Ndiyo, hapa na hapa," na anamgusa hapo hapo! Tumepoteza wateja wengi kwa ukweli wake, na wakiondoka kwake wanaondoka na kwangu, maana mlango ni mmoja.

Mtoto wao wa pekee ni msichana, na tangu utotoni tunamwita Koplo. Alijitakia mwenyewe. Alikuwa anapanga viatu vya wageni mlangoni kwa mstari, anavikagua, kiatu kilichopinda anakifokea. Tukasema ni utoto, utapita. Haukupita ng'o! Alipokua akawa anakimbia alfajiri kuuzunguka mtaa huku mbwa wote wakimfuata, darasani akawa hashikiki, na duniani humu alitaka kitu kimoja tu: kuingia chuo cha maafisa wa jeshi, kile chenye ukuta mweupe pale kilimani, atoke na nyota begani. Mimi shangazi yake nilimbembeleza ajifunze ususi, maana nywele haziishi kuota. Alinisikiliza kwa heshima zote, kisha akaenda kukimbia.

Shida ni kwamba kila mtu alijua ni nani wanaoingia kule. Waliingia watoto wa majenerali, wapwa wa majenerali, na kijana mmoja ambaye hakuwa na jenerali wake lakini baba yake alikuwa jirani wa jenerali. Picha yao ilipotoka gazetini, mstari mzima ulikuwa na pua moja. Watu wakacheka, kisha wakakasirika, kisha wakapiga kelele mpaka wakubwa wakaona haya. Ndipo ikaundwa Kamati ya Usawa, na juu yake akawekwa Meja.

Siku gari la jeshi liliposimama mlangoni kwetu, mteja niliyekuwa nimemsuka nusu kichwa alitoka mbio, na mpaka leo sijui nusu ile ilimaliziwa wapi. Meja akaingia ameinama, mwembamba, mpole, anaongea kama anasoma tangazo.

"Mama, tunahitaji pazia," alimwambia wifi.

"La mlango au la dirisha?"

"La haki."

Wifi hakushtuka. Aliuliza tu urefu.

Meja akaeleza. Siku ya usaili, wazee wa jopo watakaa upande huu wa pazia, kijana atasimama upande ule. Hawatamwona, hawatajua ni mtoto wa nani, watasikia majibu tu. Nikaona hapo kuna akili.

Wifi akashona pazia. Meja akalipeleka, akalirudisha. Viatu vinaonekana kwa chini, na kiatu cha mtoto wa mkubwa kinajulikana hata gizani. Wifi akaongeza pindo mpaka sakafuni. Likarudi tena, sasa kivuli kinapenya na ile pua inaonekana. Wifi akaweka bitana. Halafu Meja akagundua kwamba hata ukiziba kila kitu, vijana lazima wapite uani kabla ya kuingia, na uani kuna macho. Wifi akaagizwa ashone vazi la kumfunika mtu kuanzia utosini hadi nyayoni, lenye tundu la macho tu, na namba kifuani. Kamati ililiita vazi la usawa. Mtaani waliliita gunia.

"Na sauti je?" nikauliza mimi, kwa utani jamani, utani tu! "Sauti ya mtoto wa mkubwa si inajulikana?"

Meja akaniangalia kwa mshangao mkubwa, akatoa kalamu. Ndivyo ilivyoamuliwa kwamba kijana atamnong'oneza Sajini mmoja sikioni, na Sajini ndiye atakayetamka jibu kwa sauti yake mwenyewe. Na Sajini yule maisha yake yote alikuwa kwenye uwanja wa gwaride, kwa hiyo alikuwa na sauti moja tu, ile ya kusimamisha kikosi.

Siku ya mwisho ya maandalizi Meja akamuuliza wifi kwa utaratibu, "Mama, una ndugu yeyote kati ya waombaji?"

Nilikuwa nyuma ya Meja. Nilimkonyeza wifi, nikamtolea macho, karibu nimrushie chanuo. Wapi!

"Ninaye," akasema wifi. "Binti yangu. Namba yake hii hapa."

Meja alimpa mkono kwa heshima, karibu machozi yamtoke. "Mama, watu kama wewe ndio nchi inawahitaji. Nitalieleza jopo, ili haki itendeke."

Alipoondoka nikamwambia, "Wifi, umefanya nini?"

"Ameniuliza," akajibu, na akaendelea kushona.

Basi, usaili ukafika. Lile pazia kwa bitana na mapindo lilikuwa zito kama godoro lililonyeshewa, na asubuhi ile ile fimbo ya kulitundikia ikakatika. Hapakuwa na muda wa kutafuta nyingine. Wifi akasimamishwa ncha moja alishike, na mimi niliyekuja kumbebea mikasi nikasimamishwa ncha ya pili. Ndiyo maana nayajua haya. Tulikuwa tumesimama katikati, jicho moja kwa jopo, jicho moja kwa magunia.

Kabla hawajaanza, Mkuu wa Chuo mwenyewe akaingia. Wazee wa jopo wakasimama.

"Fanyeni haki," akawaambia. "Mwanangu yumo humo, sitawaambia ni yupi. Na watoto wa wenzangu wamo. Msiwapendelee hata kidogo." Akatabasamu, akatoka.

Loo! Ungewaona wazee wale. Zamani walikuwa wanajua la kufanya: mtoto wa mkubwa anapita, wa maskini anarudi kwao, wanakwenda kula. Sasa kila gunia linaloingia linaweza kuwa ndilo lenyewe. Kanali, mwenyekiti wao, alijifuta jasho kabla gunia la kwanza halijafika.

"Kijana," akauliza kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa, "umelala vizuri?"

Gunia likanong'ona. Sajini akavuta pumzi.

"HAPANA!"

Kanali akaruka kwenye kiti. "Safi sana, mkweli," akasema, na wote wakampa alama zote.

Gunia la pili likaulizwa litafanya nini adui akilivamia nalo halina silaha.

"NITAMPIGIA BABA SIMU!"

Wazee wakatazamana. "Anaelewa umuhimu wa mawasiliano," mmoja akasema harakaharaka, na wenzake wakaitikia kwa vichwa. Alama zote.

Liliingia gunia likasimama kimya, halijibu. Wakalisubiri. Sajini akainama kulisikiliza, akainuka, akatangaza, "AMELALA, AFANDE!"

"Utulivu," akasema Kanali. "Utulivu mbele ya hatari." Alama zote! Nilijiuma mdomo nisicheke, pazia likawa linatetemeka upande wangu. Nilianza kuwaza, kumbe leo hata Koplo wetu atapita, leo hata mbuzi angepita.

Kisha namba ya Koplo ikaitwa, na Meja akasimama.

"Waheshimiwa," akasema, "kwa ajili ya uwazi, anayefuata ni binti wa fundi aliyeshona pazia hili. Nawajulisha ili asipewe upendeleo wowote."

Niliona mabega yao yakishuka. Kanali akafungua kifungo cha shingo. Mwingine akaomba maji, akanywa kwa raha. Hatimaye wamepata mtu wanayemjua kwa uhakika kwamba si mtoto wa yeyote! Ukali waliokuwa wameuzuia tangu asubuhi wote ukamwangukia yeye.

"Daraja limevunjika," Kanali akaanza, na sauti ya kubembeleza imekwisha, "mto umefurika, una majeruhi, redio imekufa. Utafanya nini?"

Koplo akanong'ona. Sajini akatangaza: kwanza atawaweka majeruhi juu palipo pakavu, atatuma wawili wafuate ukingo watafute pa kuvuka, atahesabu kamba alizonazo. Jibu lilikuwa refu na limenyooka, na Sajini alilisema kwa furaha, kifua mbele, kama amelitunga yeye.

"Mbona anajibu upesi hivyo?" akauliza mmoja. "Afisa hutafakari."

Swali lililofuata Koplo akakaa kidogo kabla ya kujibu.

"Mbona anachelewa? Vitani adui hasubiri."

"Na kwa nini hilo daraja lilivunjika?" akauliza wa tatu.

"SIJUI, AFANDE!"

"Afisa asiyejua!" Kanali akapiga meza. Wakaandika, wakaandika, kalamu zao zina njaa.

Nikamtazama wifi. Alikuwa amelishika pazia kwa mikono miwili, na upande wake wote unatikisika.

"Pazia litulie!" akafoka Kanali.

Wifi akalituliza. Mpaka leo nikikumbuka hilo nasikia hasira. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Hawa walimnyonga mtoto, na kamba wakamshikisha mama yake.

Majibu yalipotoka, wote walikuwa wamepita isipokuwa mmoja. Vitanda vikawapungukia, wengine wakalazwa kwenye stoo ya mahema. Meja akaja mwenyewe kutuletea habari, uso unang'aa.

"Mama, usihuzunike," akamwambia wifi. "Hebu fikiria. Kati ya wote, aliyeanguka ni mtoto wa fundi wetu mwenyewe! Kuna ushahidi gani mwingine kwamba hapakuwa na upendeleo?"

Safari hii chanuo nililirusha kweli. Lilimpata begani. Akaliokota, akanirudishia kwa adabu, akaondoka. Baadaye tukasikia amepandishwa cheo kwa kuleta usawa.

Koplo hakulia. Jioni aliwaweka wazazi wake mezani, mimi nikiwa kwenye kochi najifanya nasinzia, akasema, "Mama, ungenyamaza tu."

"Waliniuliza, mwanangu."

"Najua. Ungenyamaza."

Kaka yangu akakohoa, akatoka kwenda kukagua lori ambalo halikuwa na kasoro. Wifi akabaki ameangalia vidole vyake. Tangu siku ile mteja akiuliza kama amenenepa, wifi anasema, "Kioo hicho, jiangalie." Hakusema uongo, lakini ukweli nao alikuwa hautoi tena kama zamani. Mimi sikufurahi. Nilimzoea vile vile na ukali wake.

Mwaka mwingine ukaja na Kapteni kwenye Kamati, mahali pa Meja. Sasa hata majina ya wazazi yalikuwa yamefutwa, hakuna anayeulizwa kwao ni wapi. Koplo akaomba tena, akawa amejifunza madaraja yote, yaliyovunjika na yasiyovunjika. Na wifi akaitwa tena, maana panya walikuwa wameyatafuna magunia. Ilibidi aende asubuhi ya usaili, awavalishe vijana mmoja mmoja uani, azibe penye tundu. Nikaenda naye.

Koplo akafika zamu yake. Wifi akainua gunia amvalishe, na kwa kitambo kidogo nyuso zao zikawa zimekaribiana, jua limezipiga zote mbili. Paji lile lile la uso, masikio yale yale. Kapteni alikuwa anapita. Akasimama.

"Fundi," akasema, "mbona mnafanana hivi? Huyu ni mwanao?"

Namjua wifi yangu. Mtu asiyeweza kumdanganya mteja kuhusu tumbo lake, leo amdanganye Kapteni kuhusu tumbo lake mwenyewe? Nikajua yameisha. Koplo naye alijua, nilimwona amefumba macho.

"Simjui," akasema wifi.

Sauti ilitoka imepasuka, siyo yake.

"Una uhakika?"

"Sikumzaa mimi." Gunia lilikuwa linamtetemeka mikononi. "Na tafadhali, afande, nakuomba sana, usiniulize tena huyu ni wa nani."

Mimi nilimwelewa. Swali moja zaidi lingemvunja, angesema yote. Lakini Kapteni alielewa la kwake. Nilimwona anafikiri: mshonaji anatetemeka, ameambiwa asiseme, basi huyu msichana ana mwenyewe, na mwenyewe ni mkubwa kiasi cha kutotajwa. Akarudi nyuma hatua, akaweka kofia sawa, akaingia ndani upesi. Kupitia dirishani nilimwona akimwinamia Kanali sikioni, na Kanali akiwainamia wenzake.

Koplo alipoingia, jopo zima lilisimama. Watu wazima wenye nyota na medali walisimama kwa heshima mbele ya pazia, kwa ajili ya gunia lililotafunwa na panya!

"Unaendeleaje?" akauliza Kanali.

"VIZURI, AFANDE!"

"Na nyumbani? Hapana, hapana, nyumbani tuache. Asante sana. Inatosha."

Hawakumuuliza hata daraja moja. Mtoto alikuwa ameyabeba kichwani mwaka mzima, akatoka nayo vile vile. Akapita, wa kwanza kwenye orodha.

Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka. Kaka yangu aliegesha lori katikati ya njia akaja kumkumbatia binti yake. Wifi alikuwa kwenye cherehani. Alitabasamu, akasema hongera mwanangu, na akaendelea kukanyaga. Nilipomsogelea nikaona hakuna kitambaa chini ya sindano.

"Wifi, acha hizo," nikamwambia. "Umempa mtoto maisha."

"Nilisema sikumzaa," akasema. "Na yeye alisikia."

Nikamwekea kitambaa chini ya sindano.

Wiki iliyofuata kazi ya sare ikaja kwa wifi, nani mwingine? Tukapelekwa ukumbini kwa makuruta, yeye anapima, mimi naandika. Wanakuja mmoja mmoja, vichwa vimenyolewa, wananitia uchungu mimi msusi. Kapteni alikuwa amesimama pembeni kuhakikisha kila mtu anapimwa sawa na mwenzake.

Koplo akasimama mbele ya mama yake, amenyooka, macho ameyaelekeza ukutani.

"Jina?" akauliza wifi, maana ndio utaratibu.

Koplo akataja jina lake na la kaka yangu, dereva wa lori la maji. Kapteni akatabasamu peke yake, tabasamu la mtu anayejua siri. Nadhani aliona ni jina la kuficha lililochaguliwa kwa ustadi.

Wifi akapima. Tangu mtoto yule avae sare ya chekechea ni yeye aliyemshonea, angeweza kumkatia gauni amefumba macho, lakini siku ile alipima taratibu kuliko alivyompima mtu yeyote. Akapima bega, mkono, shingo. Akapitisha futi kifuani, mikono yake ikamzunguka binti yake, na pale ikakaa kidogo. Halafu machozi ya Koplo yakaanza kushuka, bila sauti, bila kutikisika, hadi kidevuni.

Kapteni akaja mbio. "Kuna nini hapa? Kwa nini analia?"

"Nimemchoma na pini, afande," akasema wifi.

Hakuwa na pini. Hakuna fundi anayepimia pini.

"Uwe mwangalifu, fundi! Unajua huyu ni mtoto wa nani?"

"Nitakuwa mwangalifu, afande," akasema wifi. Akamgeukia Koplo, akainamisha kichwa kidogo. "Nisamehe, binti. Haitatokea tena." Kisha akakunja futi, akanisomea kipimo cha kifua niandike, na akamwita anayefuata.